Bismillahi ya Mezani

Nyumbani kwangu ukwaju ulikuwa haukai. Asubuhi naununua sokoni kwa ajili ya mchuzi, jioni naukuta kwenye sufuria ya mume wangu, umeroweka maganda ya risasi yapate kung'aa. Alikuwa sonara, na sonara hawezi kuona shaba iliyofubaa akalala. Mchuzi wangu ungojee.

Bunduki aliirithi kwa baba yake, pamoja na kibali chake na maradhi ya kuipenda. Risasi zake zilikuwa za mtindo wa zamani, ndefu, zimebanwa shingoni kama chupa ya marashi. Aliweza kuniita niache mchele kwenye ungo nije nitazame moja.

"Hebu ona hili bega, hapa chini ya shingo," ananiambia. "Kuna mtu alikaa akafikiri."

"Na mimi nafikiri mchele," namjibu.

Miaka ile ya Ujamaa hata sukari tuliipangia foleni, sembuse risasi. Kwa hiyo kila alipopiga aliliokota ganda, akaja kulijaza upya kwenye meza yake ya kazi: fataki mpya kitakoni, baruti ya akiba ya marehemu baba yake, iliyopimwa kwa mizani ya dhahabu, kisha kichwa cha risasi. Kila moja aliisomea bismillahi, kama alivyosoma kabla ya kuyeyusha dhahabu.

Basi watu wa Usoke wakaleta habari kwamba wanakuja kumposa wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Posa yake ya kwanza ilikwisha kuvunjika kwa maneno ya watu, na msichana alikuwa hali wala hanywi kwa hofu ya hii ya pili. Mume wangu akajitapa mbele ya mama yake kwamba wageni watakula pilau ya swala.

Siku yenyewe alitokea porini upande wa Ntalikwa, swala kamfunga nyuma ya baiskeli, meno yote nje.

"Shikamoo mama! Risasi moja tu. Hakurusha hata mguu."

"Marahaba. Hakurusha mguu? Sasa ulimchinja saa ngapi?"

Meno yakaanza kurudi ndani. Siku zote swala wake walianguka wakipumua, akawawahi kwa kisu na bismillahi. Safari hii risasi aliipima vizuri mno.

"Nilipofika alikwisha kufa, mama."

"Na ulipofyatua, ulisema bismillahi?"

Kwetu mnyama akifa kwa risasi, neno hilo lazima liwe limetangulia wakati wa kufyatua. Porini alikuwa peke yake. "Ndiyo" moja ingetosha, na sufuria ya pilau ilikuwa inangoja nyama. Nilimkonyeza mpaka jicho likaniuma.

"Nilisema mezani," akasema. "Wakati wa kujaza."

"Basi halali ni hiyo meza," mama mkwe akasema. "Wakatie wageni."

Swala akaenda kwa jirani yetu, ambaye dini yake haikuwa na ugomvi naye. Wageni tukawapikia wali na maharage. Walipokaa tu, jirani akaanza kuchoma. Moshi ukavuka ua, ukaingia sebuleni kama mgeni aliyealikwa. Baba wa kijana akaacha kutafuna.

"Nyama hii inayonukia ni ya nani?"

Wifi yangu, nyuma ya pazia, alinishika mkono kwa kucha. Mume wangu akaeleza yote, mpaka meza. Mzee akamsikiliza huku akitazama maharage yake.

"Kuna aliyekuona huko porini?"

"Hakuna."

Mzee akanawa mikono taratibu. "Dhahabu ya harusi ufue wewe," akasema. "Nami sitakuja na mizani."

Nyuma ya pazia zile kucha zikaniachia. Msichana alikula maharage yaliyobaki yote, akakwangua na sufuria.

Tangu hapo mume wangu, asije akasahau tena, alisema bismillahi kwa sauti kubwa kabla ya kufyatua, na swala hawakusubiri aya ya pili. Risasi zake ziling'aa mezani, nzuri, hazina kazi, nasi tukala maharage miaka mingi. Nilinung'unika sana juu ya ukwaju wangu. Lakini jambo lolote nililomuuliza mume wangu, sikumuuliza mara mbili.