Nusu ya Doti Chini ya Kikoi

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mashua Matondoni, na nitajisifu kwa niaba yake kwa kuwa yeye hakuwa na tabia hiyo: mashua aliyoiziba yeye haikuvuja. Alifanya kazi kwa kikoi, kama mafundi wenzake wote. Kikoi kilimruhusu kuchutama juu ya ubao asubuhi nzima akitoboa kwa keke, na upepo ukapita ulikotaka kupita. Ndani ya kikoi hamkuwa na kitu, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza.

Aliyeuliza alikuwa ofisa kutoka bara, aliyewaletea mafundi mashua ya serikali waitengeneze, mwezi wa Februari 1966. Nakumbuka kwa sababu Idi ilikuwa imepita karibuni na leso yangu ya Idi ilikuwa bado mpya. Mashua ilisimamishwa juu ya magogo, kando ya njia ya wanawake waendao kisimani. Ofisa alipokuja kukagua kazi aliinua uso kumtazama mume wangu aliyechutama juu, kisha akauinamisha upesi.

"Bwana fundi," alisema akiutazama mchanga, "kuanzia Jumamosi, asiyevaa kitu ndani hapandi mashua yangu. La sivyo nitaipeleka Mombasa."

"Suruali yanibana, Bwana. Sitaweza kuchutama."

"Sikusema suruali. Nimesema kitu."

Mume wangu akataka kujua kama huko duniani hapakuwa na wanaume wengine waliofanya kazi kwa nguo isiyo na miguu. Ofisa, mtu mkweli, akakiri kwamba mwalimu wake wa kazi alikuwa Mskoti, na siku za gwaride alivaa sketi ya sufu yenye mirabaraba.

"Na ndani alivaa nini?"

"Hilo," akasema ofisa, "sisi wanafunzi wake tulibishana mwaka mzima."

Katika kazi ile ndipo kwanza mume wangu alipowekwa kuwa mkuu wa mafundi. Ikihamishwa Mombasa, ukuu wake ungehamishwa nayo, na watu wangesema kwamba ameshindwa na chupi. Nikafungua cherehani yangu.

Bukta ya kwanza niliishona kwa kitambaa cha tanga, kwa kuwa kilikuwepo na kilikuwa imara. Kilikuwa imara kupita kiasi. Mume wangu alitembea ukumbini kama kaa, na kila hatua ilisikika hadi kwa jirani.

"Bi, mimi si jahazi," alisema. "Nikigeuka, hii inabaki ilikokuwa."

Ya pili, ya amerikani, kitambaa kigumu cha pamba, ilimwasha. Ijumaa jioni hapakuwa na kitambaa kingine laini nyumbani ila leso yangu ya Idi, nyekundu, yenye mabibo ya manjano. Leso huja mbili kwa doti. Nikaitoa mhanga moja, nikabaki na moja. Aliijaribu, akachutama, akainuka, akachutama tena. Akasema, "Hii imenikaa."

Jumamosi, tarehe 19, ofisa akaja. Mafundi wote walikuwa juu.

"Mmevaa?"

"Tumevaa, Bwana."

"Nitajuaje?"

Ofisa hakuwa ameipanga sehemu hiyo ya ukaguzi. Akavua kofia, akaivaa. Alikuwa ameanza kusema kwamba basi ataichukua mashua yake, nami nikatokea na sinia la mahamri, nimejitanda nusu ya doti iliyobaki. Upepo nao ukaja kwa wakati wake. Mume wangu alikuwa juu, upande wa nyuma wa mashua, amechutama, mikono yote miwili iko kwenye keke, asiweze kukizuia kikoi.

Bibi mmoja aliyekuwa akitoka kisimani alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena.

"Lahaula! We mwana, mbona mumeo amevaa leso yako? Angalieni kwa mato yenu, mabibo yale yale!"

Njia nzima ikaangua kicheko. Nilidhani mume wangu atashuka na kwenda zake, na kazi iende Mombasa. Badala yake alimaliza tundu lake, akaiweka keke chini, akashusha kikoi, akasimama wima.

"Mke wangu ameigawa doti kwa haki," alisema. "Nusu yake, nusu yangu. Kuna aliyedhulumiwa?"

"Hakuna," akajibu ofisa, ambaye machozi ya kicheko yalikuwa yakimtoka. "Ushahidi umetosha. Endelea na kazi, Bwana fundi."

Wiki iliyofuata wake wa mafundi waliniletea leso zao, na tangu hapo upepo ulipovuma kijiji kizima kilijua fundi yupi ni wa nani. Mashua ilishushwa majini mwezi wa Aprili, bila tone ndani.

Nilijifunza kuandika mwaka 1974, katika darasa la gumbaru, na hili ndilo nililotaka kuliandika kwanza, ila niliona haya. Nusu yangu ya doti ningali nayo sandukuni. Yake iliisha kazini.