Sindano Afundishwa Kupenya

Kwa miaka kumi na mmoja alisambaza vifurushi kwa pikipiki, na wenzake walimpachika jina la Sindano kwa jinsi alivyopenya kati ya magari mahali ambapo hata upepo ungeomba njia. Kisha ikaja sheria mpya: pikipiki ipite katikati ya magari pale tu yanaposimama au kutambaa, isizidi kilomita thelathini kwa saa, na kila msambazaji awe na cheti.

"Mimi nifundishwe kupenya?" alimlalamikia mkewe. "Si sawa na kumfundisha panya njia za darini?"

"Panya haulizwi leseni, baba watoto. Nenda."

Mwalimu alikuwa mama mfupi, miwani ikining'inia kifuani.

"Foleni imesimama. Utapita kwa mwendo gani?"

"Wa kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Sindano akachungulia daftari la jirani.

Walipotoka kwenda uwanjani kwa mazoezi, magari yalikuwa yamepangwa safu mbili. La mwisho, la buluu, lilikuwa la mwalimu mwenyewe, na kioo chake cha pembeni kilifungwa kwa kamba. Kioo kile alikigonga yeye wiki iliyopita, akapaza sauti mara moja na kutokomea. Akavaa kofia upesi, akaazimia kutofungua mdomo tena.

"Umeelewa?" Akatikisa kichwa kukubali.

"Una swali?" Akatikisa kukataa.

Akaondoa pikipiki. Alipokaribia lile gari aliogopa hata akaenda polepole kupita kiasi, pikipiki ikayumba, ikaegemea mlango.

"Samahani mama!" yakamtoka.

Mwalimu akavaa miwani. "Sauti hiyo naijua. Hebu malizia. Samahani mama, nina..."

"Nina haraka," akasema kinyonge, kama mgonjwa anayetaja dawa zake.

Mwalimu hakumfukuza. Alimkalisha kwenye usukani wa gari lile, akawaamuru wanafunzi wengine wapite pembeni yake, wa kwanza kwa kasi aliyoizoea Sindano mwenyewe. Pikipiki ilipovuma sikioni, Sindano aliinama hadi akapiga honi kwa paji la uso.

"Sikumwona alikotoka," akasema.

"Nami sikukuona."

Alasiri akarudia jaribio, taa imewashwa, vidole kwenye breki, akafaulu. Jumamosi alipeleka kioo kipya, akakifunga mwenyewe, mwalimu akimsahihisha namna ya kushika bisibisi.

"Mwalimu amenisifu," alimwambia mkewe.

"Kasemaje?"

"Kasema sasa natisha kidogo tu."