Udongo wa Kijito cha Jordbro

Wiki iliyopita nilirudi Jordbro, huku Uswidi nilikokulia, kutafuta kijito, nikakuta maghala. Nilizunguka nyuma ya uzio kama mwizi hadi nikakiona kikitokea kwenye bomba la saruji, chembamba, kinatiririka hatua ishirini kisha kinamezwa na bomba jingine. Sikutegemea kuumia, lakini niliumia.

Ungekijua miaka ya sabini, rafiki yangu! Kilianzia chini ya tuta refu la changarawe, maji yake yakiuma meno kwa baridi hata mwezi wa Julai. Kiliteremka juu ya miamba laini yenye mikwaruzo iliyoelekea upande mmoja, kisha kikaingia malishoni na kupunguza mwendo, kikijipindapinda kati ya kingo za udongo wa kijivu. Mwalimu wetu alitupeleka huko na mabuti ya mpira na mikate ya jibini. Alisema zamani sana barafu nene ilipita hapo ikikwaruza miamba, na ilipoyeyuka, pote pakawa chini ya maji. Akakata ukingo kwa kisu, akatuonyesha mistari: mwembamba mweusi wa majira ya baridi, mpana mweupe wa kiangazi. Miwili hiyo ni mwaka mmoja. Nilihesabu miaka tisa, umri wangu wote, haikuzidi upana wa kiganja.

Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo jingine. Udongo ule ulifanana na udongo wa kula.

Mama alikuwa mjamzito, na mimba ile ilimtesa. Ugali wetu wa semolina ulimchefua, samaki wa jirani walimchefua, hata baba alimchefua, maskini, na sabuni yake ya kunyolea. Alitaka kitu kimoja tu: udongo wa sokoni Morogoro, ule unaokaushwa kwa moshi. Wiki nyingi hakutoka nje. Baba, aliyekuwa masomoni, alishaulizia tiketi: mama arudi akajifungulie kwao, mimi nibaki kwa ajili ya shule. Niliwasikia wakizungumza jikoni. 

Basi nikaenda peke yangu kijitoni, nikajaza buti moja udongo, nikarudi nyumbani mguu mmoja ukiwa na soksi tu. Niliukausha kwenye oveni mpaka nyumba nzima ikanuka kinamasi. Mama akaja ameziba pua. Akavitazama vile vipande, akanitazama mimi, akauma kimoja. Akatema.

"Mchanga mtupu! Nani kakufundisha kuchagua udongo?"

"Hakuna, mama."

"Haya, vaa viatu. Udongo hauchaguliwi na asiyeula."

Akavaa koti la baba juu ya kitenge, tukaenda. Alichutama ukingoni na tumbo lake, akachimba ndani zaidi, akausugua udongo kati ya vidole, akitoa kijiwe kimoja kimoja, na mimi akanifundisha. Nikamweleza habari ya mistari. Alitafuna taratibu, akifikiri.

"Kumbe nimeshakula miaka mitatu," akasema, akacheka hadi akashika tumbo.

Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu theluji ya kwanza.

Tiketi haikununuliwa. Kila Jumamosi tulikwenda kijitoni, mama na mimi na kikopo cha plastiki. Mkunga alipogundua alimfokea kwa Kiswidi. Mama aliitikia kwa adabu zote, na Jumamosi tukaenda tena. Mdogo wangu alizaliwa hapahapa, na mama naye hakurudi tena kuishi kwao.

Mama tulimzika mwezi uliopita, si mbali na palipokuwa malisho. Ilipofika zamu yangu ya kutupia udongo, watu walisubiri, wakasubiri. Mdogo wangu akaninong'oneza kwa Kiswidi kwamba inatosha, nitupe tu.

Sikuweza kuharakisha. Nilikuwa bado natoa vijiwe.