Kibuyu cha Poni

Poni wa Koboko alikuwa na jina kwa sababu ya kwete. Pombe yake hiyo ya mahindi na ulezi ndiyo iliyowafanya watu waitike mbio alipowaalika kumlimia shamba, na kila mara, kabla ya kumpa mgeni kibuyu, alipiga funda la kwanza yeye mwenyewe. Huku kwetu mwenye nyumba asipoonja kwanza, basi ametia sumu. Hata mtoto analijua hilo.

Kisha akili ya Poni ikaanza kumtoka. Alisahau sufuria motoni, akasahau jina la marehemu mumewe, na binti yake Margarita akaacha biashara ya mitumba Arua akarudi kumtunza. Majirani walimhurumia, au ndivyo walivyosema.

Wakati wa palizi wakaitwa tena, wakaja. Jua lilipopanda, Poni akajaza kibuyu, akamkabidhi Dumo, jirani aliyekuwa akinywa kwake miaka yote. Hakuonja. Alisahau tu, kama alivyosahau sufuria.

Dumo akakiweka chini. "Mama Margarita, wewe hapana onja?"

Poni akatabasamu. "Kunywa, mtoto yangu. Iko tamu."

"Mimi hapana kunywa. Hii mama iko na sumu."

Margarita alinyakua kibuyu, akakinywa chote mpaka kwete ikamchuruzika shingoni. "Ona! Mimi nakufa? Mama iko mgonjwa ya kichwa, hapana mchawi!"

Majirani waliokota majembe yao wakaondoka, palizi ikabaki nusu. Watu wazima wenye akili zao, wanamkimbia bibi kizee! Nikilisimulia hili hasira hunipanda upya.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga ua ule. Wanawake walibadilisha hata njia ya kisimani. Poni aliendelea kufagia kila asubuhi na kupanga viti, akiuliza, "Watu iko wapi?" Margarita alimjibu kwamba wanakuja, kisha akaenda kulia nyuma ya jiko.

Jioni moja Margarita akamletea uji. Poni akamtazama kwa woga, akavuta kiti nyuma.

"Wewe nani? Onja kwanza."

Margarita akapiga funda moja, akameza, akafungua kinywa aonyeshe. Ndipo mama yake akapokea bakuli kwa mikono miwili, akamshukuru kwa adabu zote anazopewa mgeni.