Chupa Mbili za Bahari Kuu

Ijumaa tumemzika kijijini Kengeja mtu ambaye wasomaji wa miaka mingi wa safu hii wanamjua bila kumjua. Ndiye yule mpima maji niliyewahi kuandika kwamba amegundua bahari yetu ya mashariki imekufa njaa. Hakugundua hivyo. Aliyesema hivyo ni mimi, na marehemu aliniomba nisahihishe mpaka umauti ukamkuta.

Alikuwa mtumishi wa maabara, jirani yangu hapa Madungu, na kazi yake watu waliicheka. Alitoka na mashua ya shemeji yake hadi bahari kuu, akajaza maji ya bahari katika chupa mbili za kioo. Moja aliiacha wazi kwa jua. Ya pili aliifunga kwa kipande cha buibui kuukuu la mkewe, mwanga usipenye. Alizitundika kwenye kamba chini ya boya tangu asubuhi hadi alasiri. Ndani ya maji yale mna vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwenye chupa ya jua vinatengeneza oksijeni huku vikipumua. Kwenye chupa ya kiza vinapumua tu. Akilinganisha chupa zote mbili na maji ya asubuhi, alijua kama bahari siku hiyo imetengeneza zaidi au imepumua zaidi. Kazi yenyewe ni hiyo, na aliipenda kuliko watu wengine wanavyopenda mpira.

Nilifuatana naye mara moja tu, wakati wa kaskazi, jua kali na maji yametulia. Jioni akaniambia kuwa leo hata chupa ya jua imepungukiwa oksijeni. Maji ya moto yamekaa juu kama mafuta kwenye mchuzi, virutubisho vimebaki chini, vijimea havina chakula. Aliendelea kueleza, ila mimi nilikwisha kupata kichwa cha habari. Wiki ile ile nikachapisha. Wavuvi wa Kengeja, kijiji cha shemeji yake, wakaielewa kwa namna yao: huyu kaletwa kutafuta sababu ya kutufungia bahari tusivue. Shemeji yake akamnyima mashua, wengine wakafuata, na msimu wote wa upepo wa kusi mwaka ule daftari lake likabaki tupu.

Alikuja kwangu bila ugomvi, akaketi barazani.

“Bwana, weye umeandika siku moja tu,” aliniambia. “Hukungoja kusi. Upepo ukivuruga maji, chakula hupanda juu, vijimea vikashiba. Bahari hii maskini, lakini haijafa. Hebu andika tena, watu wanichukue.”

Nikamjibu inshallah. Mwaka uliofuata alipata mashua ya kijiji kingine, akapima kusi, akaniletea majibu: chupa ya jua ilikuwa imezidi oksijeni. Mimi nilikuwa na uchaguzi wa kuandika, kisha msimu wa karafuu, kisha nikaona aibu kuwa nimechelewa. Kila tulipokutana sokoni mjini Chake, baada ya kuulizana hali na za nyumbani, alisema neno moja: “Bado?” Nami nikacheka. Leo kicheko kile kinaniuma.

Mazikoni shemeji yake alinishika mkono. “Mtu mwema sana,” alisema, “ila alitaka kutufungia bahari. Mungu amsamehe.” Nilifungua kinywa nimjibu, lakini dua ilikuwa inaanza, nikainua mikono pamoja na wengine.

Basi naandika. Marehemu hakutaka kufunga bahari ya mtu yeyote. Alitaka kuijua kwa mwaka mzima, kaskazi na kusi, mchana wake na kiza chake, kabla ya kuisemea neno. Sisi wa kalamu tunaona siku moja tukatoa hukumu, na gharama hulipwa na aliyetupa habari kwa nia njema. Nimejifunza hilo, lakini kwa kuchelewa. Shemeji, gazeti hili likikufikia, msamaha ule uliomwombea yeye, niombee mimi.