Mchele wa daktari anayeondoka

Bisha ukitaka, lakini hakuna dereva wa bodaboda Makanyagio nzima anayeweza kupakia gunia la mchele pamoja na mama mtu mzima kutoka Mamba bila kusimama njiani. Mimi nimeweza, mpaka mlango wa idara ya dharura ya hospitali.

Mama alimletea daktari kijana mchele wa kumaliza msiba wa mumewe, kama tunavyowapa wote waliohangaika na marehemu. Tukamkuta anaaga wauguzi.

"Unatuhama, mwanangu?"

"Nimepata nafasi hospitali kubwa, mama. Nakwenda kujifunza kutibu wagonjwa wa ghafla."

"Na sisi huku tusiugue ghafla mpaka urudi?"

Wauguzi wakacheka. Daktari akamshika mama mikono yote miwili. "Mzee alinifia nikimwangalia. Sikujua nifanye nini tena. Ndiyo maana nakwenda."

Mama akapigapiga gunia kwa kiganja. "Basi beba. Huko utakula nini?"

Wasomi nimewapakia wengi, jamani. Huyu ndiye wa kwanza kumsikia akisema hakujua.

Sasa nililoruka. Huyo mzee ndiye aliyenifundisha pikipiki. Ni baba yangu.