Jezi Zilizobaki Kambani

Klabuni kila mtu alimwita Shangazi: wachezaji, kocha, hata tajiri mwenye klabu, aliyekuwa na umri wa kumzaa. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walishaoa na kuhamia mbali. Kazi yake ilikuwa kufua jezi. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa kuu. Kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ukuta, mashine mbili za kufulia zilizonguruma kama wazee waliolala baada ya kushiba, na beseni la zege la kusugulia bukta zilizokataa kutakata.

Mechi alizijua kwa masikio. Kukiwa na hatari, miguu ya watu ilisuguasugua sakafu ya jukwaa juu ya kichwa chake. Likiingia bao, dari lilitikisika na vumbi la chokaa likashuka taratibu, naye akawahi kufunika kikapu cha nguo safi kwa taulo. Bao la wageni alilitambua kwa ukimya. Miaka yote hiyo hakuwahi kupanda kutazama. Si kwamba alikatazwa. Mapumziko yalimkuta na soksi mikononi, kipenga cha mwisho kikamkuta na soksi nyingine, basi ikawa ndiyo desturi yake.

Tena alikuwa mtu wa kuzama mawazoni. Akishaanika, upepo ukaingia vifuani na mikononi mwa zile jezi za zambarau iliyopauka, yeye husimama na kibanio mdomoni akizitazama zikijaa na kunywea, namba tano ikimgusa namba nne begani, namba tatu ikigeuka kama aliyeitwa. Angeweza kusimama hivyo mpaka kivuli cha ukuta kimpande miguuni. Mumewe, fundi redio, alikuwa na maneno yake kwa wageni: "Mke wangu yupo, ila bado hajafika. Msubirini kidogo."

Msimu ulipofika katikati, mambo yakaanza kwenda mrama. Tajiri, ambaye hakuwa akikosa mechi hata moja, akawa haonekani. Kisha simu yake ikawa haipokelewi, kisha ikawa haipatikani kabisa. Maji ya moto yakakatika katika vyumba vya kubadilishia nguo. Basi la timu likaenda gereji na halikurudi. Daktari wa timu akapeana mkono na kila mtu kwa adabu, akaondoka na mkoba wake. Mshahara ukawa kitu cha kuulizana kwa macho. Shangazi aliyaona hayo yote kwenye kikapu chake: jezi zilikuwa zikipungua. Namba kumi haikuja kufuliwa, wiki iliyofuata namba saba nayo ikatoweka. Wenye majina makubwa walikuwa wamepata timu nyingine.

Aliyemletea habari kamili alikuwa nahodha, beki mrefu mwenye sauti ndogo. Aliingia chumbani akainamisha kichwa ili asigonge mlango, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Shangazi, mahakama imeikabidhi klabu kwa msimamizi."

"Msimamizi wa nini?"

"Wa madeni. Kuanzia leo yeye ndiye mwenye neno la mwisho, mpaka ijulikane kama klabu itauzwa au itazikwa. Na ligi imetukata pointi kwa sababu tumefilisika."

"Kwa hiyo sasa tuko wa ngapi?"

"Ukitutafuta kwenye msimamo, inama."

Shangazi alicheka bila kutaka. Nahodha naye akacheka, kisha akatazama mashine ikizungusha soksi, zikipanda na kuanguka, zikipanda na kuanguka. Wakakaa hivyo wawili mpaka mashine ikasimama yenyewe.

Huyo msimamizi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tai iliyofungwa vizuri. Alipita uwanjani akigusa vitu kwa ncha ya kidole, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Alipofika kwa Shangazi akabisha hodi.

"Shikamoo mama. Hizi mashine ni za klabu?"

"Marahaba. Ni za klabu. Hii ya kushoto ina wazimu, usimuuzie mtu bila kumwambia."

Akatabasamu, akashukuru, akaendelea na safari yake.

Haukupita muda umeme wa uwanja ukakatwa. Shangazi akapakia jezi kwenye mkokoteni wa mumewe, akaenda kuzifulia nyumbani, kwa mikono. Ikawa ni wiki ya ukungu. Asubuhi ulishuka mpaka kwenye vizingiti vya nyumba, ukikawia kuondoka hata saa sita, na nguo hazikauki. Jezi zilining'inia uani nzito na kimya, na Shangazi akitoka jikoni na sufuria alikuwa akipunguza mwendo, maana katika weupe ule zilikuwa kama watu waliokuja na shida yao na hawajui waanzie wapi kuieleza. Mara mbili nzima alijikuta akizisalimia.

Wakati jezi ziko kambani, msimamizi akapata amri ya kufunga milango. Ofisi, stoo, chumba cha mazoezi, hata chumba cha kufulia, vyote vikatiwa makufuli na kubandikwa karatasi za mahakama. Uwanja wenyewe ulikuwa wa manispaa, huo hakuwa na mamlaka nao.

Asubuhi ya mechi nahodha akaja kwa Shangazi na wenzake waliobaki. Walisimama langoni wakizitazama jezi kama watu waliookota kitu njiani na wanaogopa kukigusa.

"Tulidhani zimefungiwa stoo," nahodha akasema. "Mechi ya ugenini tuliikosa kwa kukosa basi. Tukikosa na ya leo, tunafutwa kwenye ligi. Mipira tumeazima, viatu kila mtu ana vyake. Tulikuwa tumekosa nguo tu."

Kabla Shangazi hajajibu, msimamizi akatokea ndani ya ukungu, tai shingoni, viatu vimelowa. Alikuwa amekagua stoo akagundua kilichopungua.

"Mama, hizi nazo ni mali ya klabu. Jana nilipofunga zilipaswa kuwa ndani."

"Ungezifungia mbichi, baba, zingeoza. Ungekuja kumuuzia mtu ukungu."

"Na huu wa nje ni wa bure," akadakia fundi redio kutoka mlangoni, kikombe mkononi.

Msimamizi hakucheka, ila hakukasirika. Alilishika shati la namba tano kwenye mkono, akalikamua kidogo, tone la maji likamdondokea kiatuni. Alikaa na ule mkono wa jezi kiganjani kwa muda, utadhani alikuwa akimpima mtu mapigo ya moyo.

"Klabu isiyocheza hakuna atakayeitaka," akasema mwishoni. "Wavae. Mahakamani nitaeleza mwenyewe."

"Hazijakauka," Shangazi akasema.

"Hilo siwezi kuwasaidia, mama."

Basi wakaziingiza ndani. Fundi redio akaweka kando redio zake na kuchomeka pasi mbili, yake na ya jirani. Shangazi akapiga pasi moja, kipa akashika nyingine, akaunguza kola akaomba radhi. Mvuke ulijaa sebuleni mpaka picha za pacha ukutani hazionekani. Wale vijana wakakaa chini wakiegemea ukuta, kila mmoja akingoja namba yake, wengine wakasinzia kwa lile joto. Shangazi aliwatazama akaona ajabu. Alizijua jezi zao moja moja, huyu huanguka upande wa kulia, yule hujifutia jasho begani, lakini nyuso zao zikiwa zimetulia hivyo alikuwa hajawahi kuziona.

Walipokuwa wakitoka, nahodha akarudi mlangoni.

"Shangazi, benchi letu halina mtu zaidi ya kocha na mmoja wa akiba. Daktari hatuna. Njoo ukae na maji na taulo."

"Mimi sijui kutibu."

"Na sisi leo hatuna nguvu ya kuumia. Twende."

Ndivyo alivyopita, kwa mara ya kwanza, kwenye ule mlango wa giza wanaopita wachezaji, akatokea kwenye nyasi. Ukungu ulikuwa umepanda kidogo tu, ukakaa juu ya majukwaa. Mashabiki waliokuja walikuwa wachache, wametawanyika mmoja huku mmoja kule. Alimwona mumewe juu kabisa, amefunga kibanda chake, redio sikioni kwa mazoea, ingawa hakuna kituo kilichokuwa kikiitangaza mechi ile.

Kilichomshangaza ni upole wa mchezo wenyewe. Kule chini ya jukwaa mpira ulikuwa vishindo na radi. Huku juu ulikuwa pumzi za watu, nyasi zikikwaruzwa, sauti ndogo ya nahodha ikisema "nyuma yako, nyuma yako" kama anayembembeleza mtoto. Jezi za zambarau zilikimbia mbele yake zikiwa zimejaa watu, nazo zilitoa mvuke. Zilikuwa zinakaukia miilini. Moshi mwembamba uliwatoka mabegani ukaungana na ukungu, na Shangazi akasahau chupa za maji, akasahau taulo, akasahau kwamba yumo mahali fulani na siku fulani.

Wageni wakafunga mawili kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili, kona ikapigwa, nahodha akapanda juu ya wote, mpira ukamgusa kichwani ukaenda polepole, mpole kabisa, ukaegemea wavu. Shangazi aliuona ukiingia. Palikuwa na kitambo kidogo kisicho na sauti yoyote, kila mtu amesimama, mpira umelala. Kelele zilikuja baadaye, tena chache.

"Kumbe ndivyo," akamwambia kocha.

"Ndivyo nini?"

"Hivyo. Bao linaingia kwanza."

Kocha alimtazama, akarudisha macho uwanjani. Wakafungwa mbili kwa moja.

Walicheza msimu mpaka mwisho, na mara nyingi walipoteza, na hakuna aliyewafuta. Shangazi hakukosa benchi. Alijifunza kufunga bandeji, akajifunza pia kumzomea refa kwa sauti ya chini, jambo ambalo msimamizi alilisikia akajifanya hakusikia. Klabu haikupata mnunuzi. Ikashuka daraja na huko chini ikavunjwa kabisa, jina likafutwa. Nahodha alipata timu mji mwingine, kipa akarudi kwenye udereva. Siku ya kukabidhi funguo kwa manispaa, msimamizi alipita nyumbani kwa Shangazi kuaga, fundi redio akamlazimisha kula, naye akala kama mtu ambaye hajapikiwa siku nyingi, tai ameitupa begani. Aliwaambia kazi yake ni kufika mahali kila kitu kikiwa kimekwisha, na kwamba hapa palikuwa pamemchosha kuliko kwingine. Shangazi akamwongezea mchuzi.

Mwaka uliofuata, wale mashabiki wachache wakaanzisha timu yao wenyewe, daraja la chini kabisa, kwenye kiwanja cha shule. Rangi ya zambarau hawakuruhusiwa kuitumia, wakanunua kitambaa chekundu cha bei nafuu. Wakamfuata Shangazi, akakubali, kwa sharti moja kwamba mechi ikianza hamfulii mtu chochote.

Siku ya kwanza aliloweka jezi nyekundu na bukta nyeupe pamoja, akasimama hapo akiwaza yake. Alipokuja kushtuka, maji yalikuwa kama juisi na bukta zote zimekuwa waridi. Alizisugua kwa kila alichokuwa nacho, zikazidi kupendeza. Timu haikuwa na nyingine. Wapinzani waliwacheka mechi mbili tatu, kisha vijana wakaanza kushinda wakiwa hivyo hivyo, na bukta nyeupe mpya zilipopatikana walikataa kuzivaa.